Mfuko wa Dawa wa Mjomba

Mjomba wangu alikuwa karani wa reli mjini Tanga kwa muda wa miaka 33, na kazi ile, iliyomtaka kila siku aandike saa ya kuwasili kwa gari la moshi na saa ya kuondoka kwake, uzito wa shehena na jina la mwenye shehena, ilimwachia katika ustaafu wake tabia moja ambayo sisi wapwa zake tuliicheka sana kabla ya kuitambua faida yake: alikuwa akiandika kila jambo. Katika daftari lake lenye jalada gumu jeusi mlikuwa na bei ya samaki sokoni, saa iliyoanza mvua na saa iliyokatika, jina la kila aliyekuja kumwamkia, na, tangu siku alipoambiwa na tabibu kwamba ana shinikizo la damu, maradhi ambayo sisi sote tumezoea kuyaita presha, kila kidonge alichomeza pamoja na saa aliyokimeza, kwa mwandiko wa mshazari ambao shule za siku hizi hazifundishi tena.

Alfajiri moja, akiwa na umri wa miaka 74, alipokuwa akisukutua katika kutawadha, aliona maji aliyotema yana wekundu. Kulipopambazuka, binti yake akaona katika miguu yake, kuanzia vifundoni hadi chini ya magoti, madoa mekundu madogo kama yaliyochorwa kwa ncha ya sindano, mamia kwa mamia, yasiyowasha wala kuuma. Akadhani ni vipele vya joto, akayapaka poda. Lakini kipele kina kichwa ambacho kidole hukihisi, na kikibonyezwa hupauka. Haya yalikuwa bapa chini ya ngozi kama wino uliokwisha kuingia karatasini, na hata yalipogandamizwa kwa kitako cha bilauri na kutazamwa kupitia kioo chake hayakupauka asilani. Ndani ya shavu la mzee mlikuwa na malengelenge mawili yaliyojaa damu, rangi yake rangi ya zambarau iliyoiva.

Jamaa wakatoa hukumu kabla ya kusikiliza shahidi. Majuma sita yaliyotangulia tabibu alikuwa amemwongezea mzee kidonge kipya juu ya kile cha zamani, kidonge cheupe kidogo ambacho wagonjwa hukiita cha mkojo kwa kuwa humtoa mtu maji; basi kisa kikawa bayana kwa kila mtu, kwamba dawa za presha zimeichafua damu ya mzee. Zikafungwa katika mfuko, mfuko ukatiwa kabatini, na mzee akakaa siku nne bila ya kumeza hata kimoja, ilhali madoa yakizidi kupanda mapajani, na mabaka meusi ya damu iliyovilia yakimtokea mikononi kila alipojigusa na ukingo wa kitanda. Siku ya tano nilimchukua mimi hospitali, na karatasi iliyotoka katika mashine ya maabara ilikuwa na herufi tatu, PLT, na mbele yake hesabu, 19, na ubavuni mwa hesabu herufi nyingine ndogo ya kuonyesha kwamba imeshuka, kana kwamba ilihitaji kuambiwa.

Herufi zile tatu ni kifupi cha jina la Kiingereza la chembe sahani, na hesabu yake husomwa kwa maelfu katika kitone cha damu chenye ujazo wa milimita moja ya mchemraba. Maana yake mjomba alikuwa na chembe 19,000 mahali ambapo mtu mwenye siha huwa na kati ya 150,000 na 450,000. Damu yetu, ambayo machoni ni maji mekundu tu, imebeba jamii tatu za chembe: nyekundu, ambazo huchukua oksijeni, nyeupe, ambazo hupigana na maradhi, na hizi sahani, ambazo ni ndogo kupita zote, wala si seli kamili bali ni vipande vilivyomeguka kutoka katika seli kubwa mno zinazokaa ndani ya uboho wa mifupa. Umri wake ni siku 7 hadi 10 tu, na kwa sababu hiyo uboho hauna likizo: hufyatua takriban chembe bilioni 100 kila siku inayopambazuka, na theluthi moja ya chembe hizo huwekwa akiba katika bandama. Kazi yake ni moja. Mshipa unapotoboka, chembe za karibu hushikamana na mdomo wa jeraha, hubadili umbo, hutoa mikono, huita wenzake, na zote pamoja huuziba mwanya kama kalafati izibavyo mianya ya mbao za mashua, mpaka zije nyuzi za protini kulikaza ziba lenyewe. Mtaliana Giulio Bizzozero, tabibu wa mji wa Torino, ndiye aliyeitangaza kazi hiyo mwaka 1882, baada ya kutazama kwa hadubini mishipa ya wanyama walio hai na kuona kwamba mshipa unapojeruhiwa chembe hizi ndizo zinazotangulia kufika. Na mwaka 1906 James Homer Wright wa Boston akaonyesha kwamba asili yake ni zile seli kubwa za ubohoni.

Mwenye chembe 100,000 aghalabu hajui kama amepungukiwa, na mwenye 50,000 hufanya kazi zake zote, ila daktari wa upasuaji atasita kumtia kisu. Ikishuka chini ya 20,000 ndipo ngozi inapoanza kusema, kwa madoa ya miguuni, na fizi, na pua isiyokata damu, na choo cheusi kinachonata kama lami. Na ikishuka chini ya 10,000 damu yaweza kutoka bila ya jeraha lolote, na mahali panapohofiwa kuliko pote ni ndani ya fuvu, ambapo dalili yake ya kwanza huenda ikawa ni kichwa kuuma ghafla kwa namna ambayo mgonjwa hajapata kuumwa maishani mwake. Malengelenge ya damu kinywani hutisha matabibu zaidi ya madoa ya miguuni, na huyu wetu alikuwa nayo.

Hata hivyo si kila baka jeusi juu ya mkono wa mtu mzima lina habari ya chembe sahani. Ngozi ya uzeeni hukonda, mafuta yaliyoikinga mishipa hupungua, na mzee anayebisha mkono kidogo tu mlangoni hupata doa pana la zambarau mkononi kati ya kiwiko na kiganja, litakalokaa majuma mawili na kuacha rangi ya kahawia, ilhali hesabu ya chembe zake ni timamu. Tena wazee wengi wenye presha hunywa aspirini ndogo kila siku kwa ajili ya moyo, na aspirini haipunguzi hesabu hata chembe moja, bali huziondolea kila iliyoigusa uwezo wa kushikana kwa umri wake wote uliobaki. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na jeshi kamili lenye mikono iliyofungwa, na karatasi ya maabara isiseme neno.

Karatasi hiyo aidha yaweza kusema uongo mtupu. Damu ya kipimo hiki, ambacho watu wa hospitali hukiita picha kamili ya damu, huchukuliwa katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake mna dawa ya kuizuia isigande; na wako watu, pengine mmoja katika kila elfu, ambao chembe sahani zao, zikikutana na dawa hiyo, hushikana mafungu mafungu humo kichupani, na mashine, kwa kuwa huhesabu kimoja kimoja na haina busara ya kutambua fungu, huandika kwamba chembe ni chache. Wazee wamewahi kusimamishiwa dawa, na hata kuahirishiwa upasuaji, kwa kasoro ya kichupa. Dawa ya kasoro hiyo ni jicho la mwanadamu. Kijana wa maabara aliyempima mjomba hakuiamini mashine yake. Alipaka tone juu ya kipande cha kioo, akalitia rangi, akalitazama, kisha akaniita, jambo ambalo sikulitarajia na ambalo hadi leo namshukuru.

“Tazama, ndugu,” aliniambia, akinipisha katika kigoda. “Katika uwanja mmoja kama huu ningepaswa kuona kumi, au hata ishirini. Hesabu mwenyewe.”

Nikaona duara la nuru lililojaa chembe nyekundu, za waridi kwa ile rangi, zimepangana kama sarafu zilizomwagwa mezani. Na baada ya kutafuta sana, pembeni, nikaona kipunje kimoja cha zambarau, kidogo kama vumbi la ubani. Akazungusha kirungu cha hadubini mpaka uwanja wa pili, nao ulikuwa na kimoja, na wa tatu haukuwa na kitu. Mafungu hayakuwapo. Vimelea vya malaria havikuwapo pia, naye alivitafuta kwa makusudi, maana katika nchi zetu malaria ni mwizi wa kwanza kushukiwa kila chembe sahani zinaposhuka. Kisha hufuata homa ya dengue, ambayo wakazi wa Dar es Salaam waliijua vizuri mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kisha virusi vya Ukimwi, na homa ya ini, na ini lililokomaa kwa pombe. Na kwa watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria kichocho cha tumbo, ambacho hulifanya ini kuwa gumu na bandama kuvimba, na bandama iliyovimba huzimeza chembe nyingi kupita ile akiba yake ya kawaida. Uzeeni yako mambo mengine mazito zaidi, ya uboho wenyewe kuharibika, lakini uboho ukiharibika ni nadra kuangusha jamii moja ya chembe na kuziacha mbili salama; na damu ya mjomba, nyekundu na nyeupe, ilikuwa timamu. Kitu fulani kilikuwa kikizivizia chembe sahani peke yake.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwamkia mzee shikamoo, akaketi kando ya kitanda na si mbele yake, akamwuliza anatumia dawa gani.

“Za presha tu, mwanangu,” alijibu mjomba, “nazo nimekwisha kuziacha.”

“Na nyingine, mzee?”

“Hapana nyingine.”

Daktari akanigeukia. “Kaka, rudi nyumbani uniletee mfuko wote. Vilivyo kabatini, vilivyo chini ya mto, na vilivyo kwenye kopo la majani ya chai. Na kama pana kitu cha duka la dawa za asili, usikione haya, kilete.”

Sikujua hata mimi kwamba mtu mmoja aweza kuwa na dawa nyingi namna ile. Tulipoumimina mfuko juu ya meza vilitoka amlodipini, kidonge chake cha miaka tisa, bendrofluazaidi, ambayo ndiyo ile ya mkojo, aspirini ndogo, diklofenaki ya magoti, nusu ya karatasi ya Septrin iliyobaki kutoka katika kikohozi cha mwaka uliopita, kichupa cha habasoda, asali iliyovundikwa kitunguu saumu, na, ndani ya kikaratasi kilichokunjwa kama cha uzile, vidonge vinane vyeupe visivyo na jina. Mjomba hakuwa amesema uongo. Kwake yeye dawa ni ile aliyoandikiwa na daktari. Hivi vingine vilikuwa vitu vya nyumbani, kama chumvi na kiberiti, na sidhani kama wako wazee wengi katika pwani yetu wanaofikiri vinginevyo.

Daktari alianza na kidonge kilichohukumiwa. Dawa za jamii ya thiazaidi, ambazo ya kwanza yake, klorothiazaidi, iliingia katika matibabu mwaka 1958 na kubadili kabisa hali ya wagonjwa wa presha duniani, zimeandikwa kweli miongoni mwa zile ziwezazo kupunguza chembe sahani, nazo hufanya hivyo kwa njia mbili: ya kwanza ni kuzichosha taratibu zile seli kubwa za ubohoni, hata hesabu ikashuka polepole kwa majuma kadhaa, aghalabu kwa kiasi kisichofika kwenye hatari, na ya pili, ambayo ni adimu zaidi, ni kuuchokoza mwili utoe kingamwili za kuzivunja chembe zenyewe. Katika miaka ya 1960 matabibu wa Marekani waliona watoto wachanga wenye chembe pungufu, waliozaliwa na mama waliokuwa wakinywa dawa hizo katika mimba. Methildopa, ambayo hadi leo hupewa wajawazito wenye presha na zamani ilipewa wazee kwa wingi, nayo yajulikana kwa kuchokoza kingamwili, ingawa ugomvi wake mkubwa ni na chembe nyekundu. Ama amlodipini na jamaa zake, na losatani na jamaa zake, hizo ni mara chache sana kutajwa katika mashtaka haya. Na ni haki kusema kwamba jambo lenyewe kwa jumla ni adimu: kwa makadirio ya Ulaya na Marekani, watu wanaoporomokewa na chembe sahani kwa kingamwili zilizochokozwa na dawa, dawa yoyote ile, ni kama 10 katika kila milioni kwa mwaka, ingawa kwa wazee, ambao humeza dawa nyingi kwa pamoja, idadi huzidi. Kidonge cha mkojo humdhuru mzee mara nyingi zaidi kwa kumpunguzia chumvi za damu kuliko kwa kumpunguzia chembe zake, na neno hili la chumvi naomba msomaji alishike.

Maana hapo ndipo lilipofunguliwa daftari la mjomba. Daktari alilisoma kama hakimu asomavyo hati, akirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, na mara mbili niliona akitabasamu, nadhani kwa bei za samaki. Kidonge kipya kilianza tarehe 3. Majuma matatu baadaye, kwa mkono ule ule wa mshazari: *Usiku saa nane, mguu wa kulia umekaza. Maumivu makali.* Usiku uliofuata, mguu wa kushoto. Kisha, siku nane kabla ya ile alfajiri ya mate mekundu: *Kwinini 1 kabla ya kulala, kwa shauri la jirani. Mguu haukukaza.* Na usiku uliofuata, kwinini 1. Na uliofuata, kwinini 1. Na, ole wetu, katika siku zile nne ambazo dawa za presha zilifungiwa kabatini, kila usiku, bila ya kukosa, kwinini 1.

Tulikuwa tumemfunga asiye na hatia na kumlisha mzee mkosaji kwa mikono yetu.

Jirani hakutunga. Katika nchi za Uingereza na Marekani wazee walipewa kwinini kwa miaka mingi ili kutuliza misuli inayokaza usiku, na ni kweli kwamba husaidia kidogo. Lakini serikali ya Marekani ilikataza mwaka 1994 isiuzwe kiholela kwa kazi hiyo, na mwaka 2006 ikaamuru vidonge vyote vya kwinini visivyo na idhini viondolewe sokoni, kwa sababu ya madhara yake katika damu na moyo. Na madhara ya damu hayakuwa habari mpya, kwani tabibu Mwingereza aitwaye Vipan alikwisha kuandika mwaka 1865 juu ya madoa ya damu yaliyoletwa na kwinini, hata kabla Bizzozero hajazieleza chembe zenyewe. Sisi wa Tanga kwinini si ngeni kwetu: Wajerumani waliipanda miti yake huko Amani, katika milima ya Usambara, walipoanzisha kituo chao cha kilimo mwaka 1902, na ndugu zetu wa Kivu, huko Kongo, wanaichuna magamba hadi leo. Imeokoa roho zisizohesabika, na mjomba mwenyewe aliinywa utotoni akiziba pua. Pengine ndiyo sababu hakuihesabu kuwa dawa.

Namna inavyodhuru ni ya ajabu. Kingamwili ni walinzi ambao mwili huwafundisha sura ya adui; sasa kwa watu wachache, kwinini inapotua juu ya ngozi ya chembe sahani, mwili huutazama mchanganyiko huo na kuusoma kuwa uso wa mgeni, ukatengeneza walinzi ambao hawaigusi chembe iliyo tupu, wala hawaijali kwinini iliyo peke yake, bali vikutanapo viwili hivyo tu ndipo huvamia. Kutengenezwa kwa walinzi hao huchukua yapata siku 5 hadi 10 tangu dawa kuanza, na ndiyo maana tarehe ni shahidi kuliko mashine. Na wakishatengenezwa huweza kukaa mwilini miaka mingi, hata siku kidonge kimoja tu kikirudi, kwa kusahau, chembe huporomoka kwa muda wa saa chache. Septrin, rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa zina mwenendo kama huo, na heparini ya hospitalini ina mwenendo wake wa pekee, ulio mbaya zaidi, wa kuangusha hesabu huku ikigandisha damu.

Lakini je, misuli ilikaza kwa nini? Daktari alipima chumvi za damu, na potasiamu ikatoka pungufu. Kidonge cha mkojo kiliondoa potasiamu. Kupungua kwake kulikaza misuli. Misuli ikamleta jirani, jirani akaileta kwinini, na kwinini ikamaliza kazi. Basi dawa ya presha ilikuwa na hatia, ila si ile iliyosomewa.

Kabla ya yote haya, hata hivyo, daktari alifanya jambo ambalo sisi jamaa hatukulitegemea na ambalo lilitutia haya: aliamuru mzee apewe amlodipini yake papo hapo. Presha yake siku ile ilikuwa 178 kwa 96. Tulidhani tumemwepusha na kutokwa na damu kwa kumwondolea vidonge, kumbe mishipa ya ubongo wa mtu mzima, ambayo imekwisha kukakamaa kwa miaka, inasukumwa kwa nguvu maradufu wakati ambapo kalafati ya kuziba ufa wowote haipo. Hakuna saa ambayo mzee huihitaji zaidi dawa yake ya presha kuliko saa ambayo chembe sahani zake zimeanguka. Kidonge kinachoshukiwa hubadilishwa na tabibu kwa kingine cha jamii tofauti siku hiyo hiyo, mlango usiachwe wazi. Na viko vidonge vya presha, kama klonidini, ambavyo mtu akiviacha kwa ghafla presha hurejea kwa hasira kuliko ilivyokuwa, na vingine, kama atenololi, ambavyo kuviacha ghafla huweza kumtia mwenye moyo dhaifu katika maumivu ya kifua. Nilipomtajia daktari kwamba shangazi mmoja alikuwa ameshauri mzee apigwe chuku ili damu chafu itoke, aliiweka kalamu mezani, akanitazama kwa kitambo. “Kuumikwa,” alisema, “kwa chembe 19,000. Mungu amewahurumia.” Aspirini na diklofenaki zikasimamishwa, mpaka chembe zipande.

Hakuwekewa chembe za watu wengine. Ziko hospitali zenye akiba hiyo, lakini ni akiba ngumu kutunza, kwani chembe sahani hazipendi barafu: huwekwa katika joto la nyuzi 20 hadi 24 juu ya rafu inayotikisika mchana na usiku kama mashua bandarini, na baada ya siku 5 hivi huwa hazifai tena; isitoshe, maadamu kwinini ingali mwilini, walinzi wangezivamia za wageni kama walivyozivamia za mwenyeji. Ingekuwa anatokwa na damu nyingi wangeziweka tu. Wala hakupewa prednisoloni, ambayo hutumika pale ambapo haijulikani kama mwili wenyewe umeasi bila ya kuchokozwa, maana dawa hiyo hupandisha presha na sukari, na kisa chake kilikuwa na maelezo. Aliachishwa kwinini, akapimwa figo, kwa kuwa kwinini mara nyingine haiishii kwenye damu, akasubiriwa.

Siku ya pili 24. Siku ya nne 61. Malengelenge ya kinywani yakanywea, madoa ya miguuni yakageuka kahawia, kisha manjano, kama embe linaloiva kinyumenyume. Siku ya saba 148, naye akadai daftari lake ili aziandike hesabu hizo kwa mkono wake mwenyewe, kila moja na tarehe yake. Siku ya kumi ilikuwa 212, na akaruhusiwa. Miezi miwili baadaye, presha ikiwa haijatulia sawasawa, daktari alimrudishia kile kidonge cha mkojo, nusu ya kipimo, kwa sharti la kupimwa potasiamu na chembe sahani baada ya majuma mawili, na tena baada ya manne, na hesabu haikutikisika.

Kikaratasi kile kisicho na jina kilinikera zaidi ya kwinini yenyewe. Daktari alivigeuzageuza vidonge vinane katika kiganja, akavipeleka kwenye taa, akakubali mwishowe kwamba ni kwinini kwa sababu tu daftari lilisema hivyo. Na duka lililovitoa, ambalo sitalitaja, huvihesabu hadi leo juu ya kaunta kwa kisu cha siagi na kuvifunga katika kurasa za magazeti ya zamani. Mzee mwingine, asiyekuwa karani wa reli, angevieleza vipi?

Mwaka jana tulikuwa arusini Pangani. Vijana walipita na sinia la soda, na mmoja, kwa heshima, akamchagulia mjomba chupa ya maji ya toniki, yale machungu yenye mapovu, akisema kwamba hayana sukari nyingi na kwa hiyo yanawafaa wazee. Mjomba aliipokea, akashukuru, akatoa miwani katika mfuko wa kanzu, akaivaa, akaisogeza chupa kwenye taa ya karabai na kuisoma lebo yake yote, mstari kwa mstari, huku bendi ikipiga na watu wakimngoja. Kisha akamrudishia kijana chupa yake.

“Mna kwinini humu,” alimwambia. “Kama kuna dafu, niletee dafu.”